Zamu ya Nane

1

Zilikuwa zimebaki saa thelathini Subilaga Mwasomola alale usingizi wa miaka tisa, na rafiki yake Tusajigwe alichagua saa hizo hizo kumwomba jambo ambalo hakuwahi kumwomba maishani.

Ujumbe uliingia Subilaga akikaza nati za pampu. Aliusikiliza amesimama, spana mkononi.

"Subi, mwenzangu. Usianze kunihoji, sikiliza kwanza. Moyo wangu umechoka. Daktari wa Mbeya anasema mwaka mmoja, au miwili nikijitunza sana. Wewe unafika baada ya miaka tisa. Sasa nimekwenda kuuliza pale Nyumba ya Usingizi. Kila mlinzi ana nafasi ya mtu mmoja wa kulala akimngoja. Yako hujaitumia. Fomu nimeshajaza, imebaki sahihi yako tu. Ukikubali, wiki ijayo nalala, na siku utakayoshuka tunaamshwa pamoja. Nitakuwa na umri huu huu na moyo huu huu mbovu, lakini nitakuwepo. Haya. Sema ndiyo, halafu nenda ukalale."

Subilaga aliurudia ujumbe mara mbili. Kisha akacheka peke yake, na machozi yakamtoka.

Hapo Titani, mwezi mkubwa wa Zohali, kulikuwa na walinzi watano na kazi ya mtu mmoja: kuuangalia mtambo uliokamua mafuta ya vyombo vya anga kutoka ziwa la methani. Hewa na chakula vilimtosha mtu mmoja, au mmoja na nusu mkijibana. Kwa hiyo mmoja alikaa macho mwaka mzima, na wanne walilala ndani ya masanduku ya baridi, damu imepoozwa, moyo unapiga mara chache kwa saa, umri umesimama. Mkataba uliyaita masanduku hayo vyumba vya mapumziko marefu. Walinzi waliyaita majokofu.

Subilaga aliondoka duniani akiwa na miaka thelathini na mmoja. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka thelathini na mitano, na yeye alikuwa ameiishi saba tu. Mwili wake ulikuwa wa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Hii ilikuwa zamu yake ya saba na ya mwisho; iliyobaki ni kulala tu, miaka mitano ya kungoja chombo cha kurudi na minne ya safari. Tusajigwe, Saji kwake, aliyezaliwa naye mwaka mmoja na kulala naye chumba kimoja chuo cha ufundi Mbeya, alikuwa na sitini na sita.

Kila alipoamshwa kwa zamu, alikuta jumbe arobaini na nane za Saji zikimngoja, moja kwa kila mwezi aliokuwa amelala. Mara ya kwanza alizisikiliza zote kwa siku moja. Alipoanza, binti ya Saji, Sekela, alikuwa hajaanza shule. Alipomaliza, Sekela alikuwa darasa la tatu na Saji amepandishwa cheo kiwandani, mwonjaji mkuu wa chai, kazi ya kuvuta chai kwa kelele na kuitema kwenye ndoo siku nzima. Katika zamu ya tano alimsikia Saji akimzika mumewe kwenye ujumbe wa kumi na saba, na kwenye ujumbe wa ishirini na moja akimsikia anacheka tena. Safari hiyo ilimbidi akae chini. Alikuwa amemsikia rafiki yake akimaliza msiba mzima kabla chai yake haijapoa.

Alikwenda kwenye meza ya mawasiliano akaifungua fomu. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na chini kulikuwa na mahali pa kuweka kidole gumba. Juu yake kulikuwa na maneno ambayo Saji hakuyataja: kati ya kila watu watatu wanaolazwa wakiwa wamezidi miaka sitini, mmoja haamki. Kwa wenye ugonjwa wa moyo, mmoja kati ya wawili.

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo wakati taa ya ujumbe wa pili ilipowaka.

2

Huu ulitoka kwa Sekela. Alikuwa amejirekodi ndani ya gari lililosimama, mvua ya Tukuyu ikipiga juu ya bati lake.

"Shikamoo, mama mdogo. Najua sasa tunakaribiana umri, lakini sijui kukuita vingine. Mama hajui kwamba nakutumia hii. Nakuomba usiweke sahihi. Mama amengoja siku yako ya mwisho makusudi, ili usipate nafasi ya kufikiri. Namjua, na wewe unamjua. Daktari amesema akilazwa, kuamka ni bahati tu. Mimi ninaye mama wa mwaka mmoja, labda miwili. Anakula na sisi, anawafundisha watoto wangu kugombana. Wewe ukisema ndiyo, wiki ijayo namsindikiza kwenye sanduku, na siwezi hata kulia kwa sababu hajafa. Nitakaa miaka tisa bila kujua kama nina mama au sina. Kwa ajili ya nani, mama mdogo? Naomba unisamehe kama nimekukosea."

Subilaga alikiondoa kidole kwenye kioo.

Kutoka Titani mpaka duniani sauti ilichukua saa moja na dakika ishirini kwenda, na muda kama huo kurudi. Kwa saa zilizobaki angeweza kuuliza na kujibiwa mara kumi, kama hangelala kabisa. Alibonyeza kitufe cha kurekodi.

"Saji, nimesoma fomu. Mmoja kati ya wawili. Mbona hukuniambia? Na unijibu hili, bila kuzunguka: unalala kwa ajili yako, au kwa ajili yangu?"

Alituma, kisha akarudi kwenye pampu kwa sababu nati zilikuwa bado hazijakazwa.

3

Mutinda, mlinzi aliyekuwa apokee zamu, alikuwa ameamshwa siku mbili kabla. Alikuwa mtu wa Kitui, mrefu, na miguu yake bado haikumtii. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha mimea akila mchicha kwa uma, taratibu, kama mtu anayejifunza upya kutafuna.

Subilaga alimweleza yote. Hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

"Kwani wewe mwenyewe unataka nini?" Mutinda aliuliza.

"Nataka nimkute."

"Hapo umesema ukweli. Sasa ukimpoteza kwa sababu ya kutaka umkute?"

"Na nikikataa, naye alikuwa katika ile nusu inayoamka? Nitakuwa nimemnyima."

Mutinda aliweka uma chini. "Dada Subi. Ngoja asikike."

Walingoja. Jibu lilipofika, Saji alikuwa amekasirika, na hasira ilimkata pumzi, hivyo kila sentensi ilikuja vipande vipande.

"Sekela amekupigia. Usikatae. Sasa nisikilize. Umeniuliza kwa ajili ya nani. Kwa ajili yangu, Subi. Hapa nyumbani mimi ni bibi. Nakatiwa nyama vipande vidogo. Nikisema jambo, wanaangaliana kwanza, ndipo wananijibu. Kiwandani waliniaga kwa keki, na siku hizi siisikii hata ladha ya chai, ulimi umekufa. Wewe peke yako ndiye unayenigombeza kama mtu mwenye akili zake. Kila miaka minne nakungoja uamke, na ukiamka nakuwa Saji kwa mwaka mmoja, halafu unalala, narudi kuwa bibi. Nimechoka kuwa bibi. Najua hesabu ya daktari. Nimeifikiria kuliko nyote. Ni mwili wangu. Usiniamulie."

Pumzi yake ikasikika ikikwaruza.

"Halafu nilikuahidi. Uwanja wa ndege, siku unaondoka, nilikuambia utanikuta. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo."

Mutinda alikuwa amesimama mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Subilaga hakugeuka kumtazama. Alikuwa anamwona Saji wa miaka thelathini na mmoja akipunga mkono na kanga ya njano begani, na akagundua kwamba ndiye aliyekuwa akimfikiria tangu asubuhi: alikuwa amejipangia kushuka kwenye chombo na kumkuta yule. Huyu wa sitini na sita, mwenye ulimi uliokufa na pumzi fupi, alikuwa hajamfikiria hata kidogo.

Aliona aibu.

4

Zilibaki saa ishirini na mbili.

Sheria ya kubadilishana zamu ilikuwa rahisi. Walinzi wawili wakikubaliana na kuweka sahihi, ofisi huko duniani inapokea. Mlinzi anaweza kukaa macho miaka miwili mfululizo, si zaidi, kwa sababu uzito mdogo wa Titani hula mifupa. Lakini aliyetoka kuamshwa haruhusiwi kurudi kulala kabla ya siku thelathini, la sivyo damu huganda vibaya. Kwa siku hizo thelathini watu wawili wangepumua hewa ya mtu mmoja na nusu.

Subilaga aliyaeleza haya kwa Mutinda polepole, akihakikisha hajaficha kitu.

"Unataka mwaka wangu," Mutinda alisema.

"Nauomba."

"Ndugu yangu Kyalo anajenga nyumba. Ujumbe wake wa mwisho amenionyesha msingi. Amesema nikiamka tutakuwa tunaangalia pamoja, kila Jumamosi ukuta unavyopanda, nimwambie fundi anapomwibia." Aliitazama mikono yake. "Nikirudi kulala, nitaamka nikute nyumba imekwisha. Watu wanaishi ndani."

"Najua."

"Na wale watatu waliolala? Zamu zao zitasogea mwaka mzima. Hujawauliza."

"Siwezi kuwauliza. Nitawaachia ujumbe kila mmoja, na wakiamka watanisema wanavyotaka."

Mutinda alicheka kidogo, bila furaha. "Huyo rafiki yako, mkikaa mwaka mzima mnaongea, halafu? Bado atakufa wewe umelala."

"Ndiyo."

"Utashuka huko na hutamkuta."

"Sitamkuta."

Mutinda alimwacha akatembea mpaka mwisho wa chumba cha mimea na kurudi, akiburuta mguu wa kushoto. Alichukua muda mrefu. Subilaga hakumharakisha. Aliposimama mbele yake tena, uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi kutoa.

"Hizo siku thelathini ni zangu," alisema. "Mawasiliano yote ya Jumamosi ni ya Kyalo, hata huyo rafiki yako awe amekata roho. Na ujumbe wa Kyalo wakati nimelala usiufungue. Nitaukuta mwenyewe."

"Nakubali."

"Lete hiyo fomu ya zamu."

Waliweka vidole gumba mmoja baada ya mwingine. Kisha Subilaga alirudi kwenye meza ya mawasiliano. Alirekodi akafuta mara nne. Mara ya tano alisema tu yaliyomjia.

"Saji, sitaweka sahihi. Usinikatize, ingawa huwezi. Sekela ameniomba, lakini si yeye aliyeniamulia. Ni hivi. Nilikuwa nakaribia kusema ndiyo, na nilikuwa nasema ndiyo kwa sababu naogopa kushuka Tukuyu nisikute mtu anayeniita Subi. Ukilala usiamke, nitakuwa nimekuua ili mimi nisifike nyumbani peke yangu. Siwezi. Umesema nisikuamulie. Nakuamulia, najua ninachokifanya, na una haki ya kunichukia. Ile ahadi ya uwanja wa ndege nakuondolea leo. Lakini na mimi silali. Nimechukua zamu nyingine. Mwaka mzima nipo macho, kila siku, saa yoyote utakayotaka. Mwaka huu ndio nilio nao wa kukupa. Nijibu."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili na dakika arobaini na tatu, na lilikuwa na maneno matatu.

"Haya. Umeshaamua wewe."

5

Siku ya kwanza Saji hakutuma kitu. Wala siku ya pili.

Subilaga alituma kila siku, saa nne asubuhi ya Tukuyu, wakati anaojua Saji amekwisha kunywa dawa na ameketi barazani. Alimweleza rangi ya mvua ya methani, jinsi matone yake yanavyoshuka polepole kama mtu anayesita. Alimsimulia nati za pampu. Siku ya sita aliomba msamaha. Siku ya tisa aliuondoa msamaha huo, kwa sababu alijiona anadanganya.

Hewa ilianza kuwa nzito wiki ya pili. Kipimo ukutani kilikuwa cha njano, kisha cha njano iliyokolea. Walikubaliana kwamba mmoja akifanya kazi, mwingine amelala chali bila kuongea. Kichwa kilimuuma Subilaga kutoka anapofungua macho mpaka anapoyafumba. Alijikuta anasahau majina ya vyombo vidogo, na siku moja alikaa mbele ya mlango wa ghala dakika kadhaa asikumbuke alichofuata. Mutinda alimfuata akamwongoza kitandani kwa kumshika kiwiko.

"Leo usitume," alimwambia. "Kuongea kunakula hewa."

"Nitasema maneno machache."

"Dada Subi."

"Maneno kumi, Mutinda. Nihesabie."

Alihesabu kwa vidole. Yalifika kumi na nne, na hakumkatiza.

Siku ya kumi na tisa Subilaga alimwandikia Sekela kuuliza kama mama yake yu hai. Sekela alijibu kwa maandishi: "Yupo. Anakula, ila kidogo. Kinasa sauti anachosikilizia jumbe zako amekiweka juu ya kabati na amenikataza kukishusha. Kila siku saa nne anaketi barazani kama kawaida. Mama mdogo, sikujua angefanya hivi. Siku nyingine nadhani nimemkosea."

Subilaga alilisoma hilo neno la mwisho mara nyingi. Mpaka hapo alikuwa amedhani yeye peke yake ndiye anayejiuliza.

Jumamosi zilikuwa za Mutinda. Siku hizo Kyalo alionekana akipita na simu kando ya kuta za matofali, akilalamika kuhusu saruji, na Mutinda akimjibu kwa Kikamba kwa sauti ya chini ili kuokoa pumzi. Subilaga alilala upande wa pili wa ukuta akisikiliza lugha asiyoielewa. Alijua jinsi nyumba inavyokwenda kwa kusikia tu Mutinda anavyoguna. Jumamosi ya mwisho kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha.

Siku ya thelathini alimsaidia kuingia kwenye jokofu. Mutinda alikuwa mwembamba kuliko siku aliyoamka.

"Akikukalia kimya mwaka mzima?" alimuuliza, sindano ya kwanza ikiwa imeshaingia.

"Nitaendelea kutuma."

"Utajuta?"

Subilaga alitaka kusema hapana. "Nimeshajuta mara nyingi," alisema. "Halafu naamka, natuma tena."

Mutinda aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo linamtosha, na kifuniko kikashuka.

6

Kipimo cha hewa kilirudi kijani baada ya siku nne. Kichwa kiliacha kumuuma. Upweke ulikuwa mbaya zaidi kichwa kikiwa kimetulia, kwa sababu sasa aliweza kufikiri. Alihesabu: siku thelathini na nne kati ya mwaka mmoja ambao pengine ndio wote, zimekwenda bure. Kama Saji angekuwa amelazwa ile wiki, sasa angekuwa kwenye sanduku, nusu salama nusu si salama. Sasa alikuwa hai umbali wa saa moja na dakika ishirini, na hawakuwa wanaongea.

Siku ya arobaini na tatu Subilaga alikuwa chini ya mtambo, mgongo sakafuni, akibadilisha chujio, taa ilipowaka mezani. Alidhani ni ofisi. Alimaliza kufunga chujio, akajifuta mikono, akaenda.

Ilikuwa sauti ya Saji. Ilikuwa imezeeka kwa siku arobaini na tatu kuliko ilivyozeeka katika miaka minne yoyote. Kulikuwa na mlio wa mashine nyuma yake, ukivuta na kutoa.

"Subi. Bado nimekukasirikia, usifikiri yamekwisha. Hiyo unayosikia ni mashine ya kupumulia, wameniletea juzi, inaniudhi kuliko wewe. Kinasa nimekishusha mwenyewe. Nilipanda kwenye stuli, Sekela akapiga kelele nyumba nzima. Nimezisikiliza jumbe zako zote arobaini na mbili tangu jana. Sasa nimejua inakuwaje, kumsikia mtu akiteseka mwezi mzima kwa siku mbili. Ile ya maneno kumi na nne nimeirudia. Ulikuwa unakosa hewa, mjinga wewe, na unaniambia habari za mchicha."

Alivuta pumzi. Mashine ikamsubiri.

"Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka ujue inavyokuwa mtu akikuamulia. Nadhani umejua. Lakini siku zangu si za kuchezea, na nimeona nikiendelea kukukomoa nitakufa nimeshinda, na sitakuwa na wa kumsimulia. Sasa sikiliza. Kuna mambo matatu uliyonikosea, na nitayasema yote. Kaa chini."

Subilaga alivuta stuli akaketi.

Saji alisema kwa dakika arobaini. Alisimama kupumua, akaendelea. La kwanza lilikuwa kwamba Subilaga alisoma fomu kabla ya kumsikiliza mwenye fomu. La pili, kwamba alimpa Sekela uzito wa mtu mzima, na Saji mwenyewe akampa uzito wa mgonjwa. La tatu lilikuwa refu, lilianzia chuoni Mbeya, likapita kwenye sufuria iliyoungua na mwanamume mmoja ambaye wote wawili walimpenda wiki moja, na Subilaga alicheka mahali ambapo hakutakiwa kucheka. Mwishoni sauti ilikuwa mnong'ono.

"Nimechoka. Naketi hapa barazani. Nijibu, na usinijibu kwa upole kama wao."

Ujumbe ukaisha. Subilaga alitazama saa ya ukutani: chochote atakachosema sasa, Saji angekisikia baada ya saa moja na dakika ishirini, kama angekuwa bado ameketi, kama angekuwa bado yupo. Alibonyeza kitufe cha kurekodi.

"La kwanza nimekubali," alisema. "La tatu tutaligombania kesho. Lakini hapo kwenye la pili, Saji, umekosea kabisa," na akaanza kumweleza kwa nini.